Daktari Aliyeshindwa Mara Nne

Yoweri Museveni aliwahi kushindwa uchaguzi. Desemba 1980 chama chake kichanga, Uganda Patriotic Movement, kiliambulia kiti kimoja tu bungeni, na kiti chenyewe hakikuwa chake. Jimboni alibwagwa na Sam Kutesa wa chama cha Democratic, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa waziri wake wa mambo ya nje, na binti yake akaolewa na mtoto wa Museveni. Siasa za Uganda zina udugu wa namna hiyo. Museveni alisema kura zimeibwa, na mahakamani hakwenda. Tarehe 6 Februari 1981 yeye na wenzake wachache, wakiwa na bunduki 27, walivamia kambi ya jeshi ya Kabamba. Miaka mitano baadaye alikuwa Ikulu.

Katika chama hichohicho kilichoangukia pua alikuwamo kijana wa Rukungiri, kusini-magharibi mwa nchi, aliyekuwa ndiyo kwanza amehitimu udaktari Makerere. Jina lake Kizza Besigye, amezaliwa 1956. Naye alimfuata Museveni porini mwaka 1982, akaikuta vita ya Luwero imepamba moto na dawa hakuna. Alitibu majeraha ya risasi, malaria na kuhara, magonjwa ambayo porini huua wapiganaji wengi bila adui kufyatua hata risasi moja. Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwa kamanda mwenyewe. Besigye alikuwa daktari wa Museveni, na hilo katika jeshi la msituni ni jambo zito, maana daktari humjua mkubwa akiwa na homa, akiwa hajalala, akiwa na hofu.

Vita ilipokwisha Januari 1986, Besigye alikuwa na miaka 29. Akapewa unaibu waziri wa mambo ya ndani, kisha ukamisaa mkuu wa siasa, yaani kazi ya kuwafundisha wananchi kwa nini mfumo mpya ni bora kuliko vyama. Nalitaja hili kwa sababu wasifu wa wapinzani huandikwa mara nyingi kana kwamba walizaliwa wakipinga. Huyu aliijenga nyumba kwa mikono yake, akijua kila tofali lilipowekwa. Baadaye alirudi jeshini, akaongoza kikosi cha vifaru Masaka, akasimamia ugavi na uhandisi makao makuu, akapanda hadi cheo cha kanali.

Nyufa zilianza kuonekana kwenye Bunge la Katiba la 1994, alipokaa kwenye kiti cha jeshi huku akitoa maoni ambayo jeshi halikumtuma. Mwaka 1999 akaandika waraka kuhusu namna Vuguvugu, yaani mfumo huohuo wa Museveni usio wa vyama, lilivyopoteza sura yake ya kukumbatia watu wote na kuwa mali ya wachache. Wakubwa walitaka afikishwe mahakama ya kijeshi, si kwa aliyoyasema hasa, bali kwa kuyasemea nje. Ugomvi ukamalizwa kwa mazungumzo, akaruhusiwa kustaafu jeshi mwaka 2000. Wino wa barua ya kustaafu haujakauka, akatangaza kugombea urais.

Uchaguzi wa Machi 2001 ulifanyika bila vyama. Kila mgombea alisimama kwa jina lake, na vyama vilikuwa vimefungwa mikono kisheria kwa hoja ambazo Besigye mwenyewe, alipokuwa kamisaa, alizihubiri. Museveni aliahidi kuwa kipindi hicho kingekuwa cha mwisho. Huko Rukungiri, nyumbani kwa Besigye, askari wa kikosi cha kumlinda Rais walifyatulia risasi wafuasi wake. Matokeo yakawa Museveni asilimia 69, Besigye 27 na ushei, kura milioni mbili na kidogo.

Hapo ndipo njia za wawili hawa zilipoachana kweli. Kwa kushindwa kulekule na kwa malalamiko yaleyale ya wizi wa kura, Museveni wa 1981 alikwenda Kabamba. Besigye wa 2001, kanali mwenye ujuzi wa vifaru na ugavi, alikwenda Mahakama ya Juu na rundo la viapo vya mashahidi.

Majaji watano waliisikiliza kesi yake chini ya Jaji Mkuu Benjamin Odoki. Walikubaliana kuwa sheria za uchaguzi zilivunjwa. Waligawanyika juu ya swali moja: je, kuvunjwa huko kuliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa? Watatu walisema haijathibitishwa, wawili wakasema ndiyo. Sheria ya Uganda inamtaka mlalamikaji aonyeshe kwamba hitilafu zilikuwa nzito kiasi cha kubadili hesabu, si kwamba zilikuwapo tu. Kwa mtu aliyeshindwa kwa kura milioni tatu, huo ni mlima. Atampata wapi kila mpiga kura aliyefukuzwa kituoni, kila wakala aliyekamatwa, katika siku chache ambazo sheria inampa?

Agosti mwaka huo alitoroka nchi. Alipitia Marekani, akaishi Afrika Kusini miaka minne. Mkewe, Winnie Byanyima, mhandisi wa ndege na mbunge wa Mbarara ambaye baadaye dunia ingemjua akiongoza Oxfam na kisha UNAIDS, alibaki na jina lake katika siasa za ndani. Wakati Besigye yuko uhamishoni, wenzake waliunganisha makundi kadhaa wakaunda chama cha Forum for Democratic Change. Mwaka 2005 mambo mawili yakaja kwa pamoja: vyama vikarudishwa kwa kura ya maoni, na Bunge likafuta ukomo wa mihula miwili ya urais. Mlango mmoja ulifunguliwa na mwingine ukabomolewa, yote katika mwaka mmoja.

Alirejea tarehe 26 Oktoba 2005. Watu walijipanga barabarani kutoka Entebbe hadi Kampala kana kwamba anarudi mfalme. Haikupita wiki tatu, tarehe 14 Novemba akakamatwa akitoka kampeni za magharibi. Mashtaka yalikuwa mawili, uhaini na ubakaji. Kampala ikawaka moto.

Kampeni ya 2006 inastahili kusimuliwa polepole, maana haijawahi kutokea nyingine kama hiyo katika ukanda wetu. Tarehe 16 Novemba, washtakiwa wenzake katika kesi ya uhaini walipewa dhamana na Mahakama Kuu. Kabla hawajatoka, watu wenye silaha waliovaa fulana nyeusi waliizingira mahakama. Wananchi wakawaita Black Mamba, na jina likabaki. Washtakiwa waliona afadhali warudi gerezani kuliko kutoka nje na dhamana yao mkononi. Jaji Kiongozi James Ogoola, ambaye ni mshairi, aliandika shairi juu ya siku hiyo. Sijui nchi nyingine ambako mkuu wa majaji wa Mahakama Kuu alilazimika kutafuta vina ili aeleze kilichotokea kwenye ngazi za ofisi yake.

Ukafika wakati wa kurudisha fomu za kugombea, na mgombea yuko gereza la Luzira. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alishauri kuwa mahabusu asiteuliwe. Tume ya Uchaguzi chini ya Badru Kiggundu ilipima, ikakataa ushauri huo, ikamteua Desemba bila mwenyewe kuwapo. Aliachiwa kwa dhamana mwanzoni mwa Januari 2006, uchaguzi ukiwa Februari 23. Siku zilizobaki alizigawa mafungu mawili, za jukwaani na za kizimbani. Leo yuko Gulu, kesho yuko Kampala anamsikiliza shahidi wa serikali. Kesi ya ubakaji ilitupwa Machi, baada ya kura kuhesabiwa, na Jaji John Bosco Katutsi akamwachia huru.

Pamoja na yote hayo alipata asilimia 37, dhidi ya 59 za Museveni. Hakuwahi tena kufika huko.

Kaskazini ndiko kulikompa nguvu. Huko Acholi na Lango, na jirani yao Teso upande wa mashariki, watu walikuwa wamechoshwa na vita vya kiongozi wa waasi Joseph Kony vilivyodumu karibu miaka ishirini, zaidi ya watu milioni moja wakiwa wamesukumwa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Walimpigia Besigye, mtu wa magharibi, aliyekuwa ofisa wa jeshi lilelile lililowaswaga kambini. Walimpigia kwa sababu hakuwa Museveni. Mtu akitaka kujua kwa nini mwanasiasa fulani amepata kura nyingi, asimtazame mgombea peke yake. Amtazame mpiga kura amesimama wapi, na amesimama hapo tangu lini.

Alirudi tena Mahakama ya Juu. Safari hii walikuwa majaji saba. Wakakubaliana tena kuwa sheria zilivunjwa, kwamba kuna raia waliofutwa kwenye daftari la wapiga kura, kwamba kulikuwa na hongo na vitisho. Wanne wakasema hayo hayakubadili matokeo kwa kiasi kikubwa, watatu wakasema yalibadili. Tatu kwa mbili, kisha nne kwa tatu. Mara zote mbili angegeuka jaji mmoja tu, uchaguzi wa rais wa Uganda ungefutwa, na Afrika Mashariki isingengoja hadi Septemba 2017 kushuhudia jambo hilo likitokea Nairobi chini ya Jaji David Maraga.

Tuna methali ambayo wanasiasa wetu huitoa mfukoni kila matokeo yanapotangazwa: asiyekubali kushindwa si mshindani. Besigye alitupiwa mno methali hiyo, na kwa sehemu ilimstahili, kwa kuwa hakuna tangazo hata moja la Tume alilowahi kulipokea. Ila wanaoitoa husahau kuwa inamhusu mchezaji aliyeshindwa katika mchezo ambao mwamuzi hakuvaa jezi. Na husahau pia kuwa aliyewashinda wote, yeye mwenyewe hakukubali kushindwa mwaka 1980.

Kwangu mimi, kipigo kikubwa cha Besigye hakikuwa cha 2001 wala cha 2006. Ni cha 2011, na ndicho kinachosahaulika haraka.

Mwaka huo hakuna aliyemweka ndani. Alizunguka nchi nzima, akahutubia alipotaka, akiwa mgombea wa ushirikiano wa vyama kadhaa vya upinzani. Virungu vilikaa pembeni, zikaja pesa. Januari 2011, wiki chache kabla ya kura, Bunge lilipitisha bajeti ya nyongeza ya takriban shilingi bilioni 600 za Uganda. Kila mbunge alipokea shilingi milioni 20, kwa maelezo kuwa ni za kusimamia miradi ya serikali. Bahasha zikashuka hadi vijijini. Kaskazini bunduki zilikuwa zimenyamaza tangu 2006, watu wametoka kambini wanalima, na wengi waliompigia Besigye kwa sababu ya vita sasa walimpigia Museveni kwa sababu ya amani. Wengine walikwenda kwa Norbert Mao na Olara Otunnu, watu wa huko huko.

Alipata asilimia 26. Kura zake zilikuwa milioni mbili na kidogo, karibu idadi ileile ya mwaka 2001, ilhali daftari la wapiga kura lilikuwa limenenepa kwa miaka kumi. Alipofungwa alipata 37, alipoachwa huru alipata 26. Wapambe wake hawapendi hesabu hii, na wa Museveni nao hawaipendi, kwa sababu inaonyesha kuwa kila walipompiga walimwongezea. Waliigundua siri hiyo mara moja, 2011, kisha wakaisahau ndani ya wiki nane.

Maana Besigye hakwenda mahakamani. Alisema amekwisha kwenda mara mbili, inatosha. Aprili, bei za vyakula na mafuta zikiwa zimepaa, na magazeti yakiandika kuwa serikali imetoa dola milioni 740 kununua ndege za kivita kutoka Urusi, yeye na wanaharakati wenzake wakatangaza kwamba kila Jumatatu na Alhamisi watatembea kwa miguu kwenda kazini. Hakukuwa na maandamano, mabango wala jukwaa. Ni mtu anayetoka kwake Kasangati anakwenda mjini, kama maelfu wanavyofanya kila siku kwa kukosa nauli.

Polisi hawakujua wamfanyeje mtu anayetembea, kwa hiyo walimfanya kila kitu. Walimzuia, wakamkamata, wakampiga mabomu ya machozi, risasi ya mpira ikamjeruhi mkono. Tarehe 28 Aprili, kwenye mzunguko wa Mulago, mita chache kutoka hospitali ambako madaktari wa Makerere hujifunzia kazi, ofisa mmoja wa usalama alivunja kioo cha gari lake kwa kitako cha bastola na kummwagia pilipili machoni, kopo zima. Picha zilionyeshwa dunia nzima jioni hiyohiyo. Daktari mwenye bandeji mkononi, haoni, anarushwa nyuma ya pikapu chini ya viti. Kesho yake Kampala ililipuka, watu wakauawa.

Alipelekwa Nairobi Hospital kutibiwa. Alipotaka kurudi, Kenya Airways ilimkatalia kupanda ndege, kisha siku iliyofuata, Mei 12, ikamruhusu. Siku hiyo ndiyo Museveni alikuwa anaapishwa Kololo. Barabara ya Entebbe kwenda Kampala ni ya kilomita arobaini hivi, na msafara wa Besigye uliitumia karibu mchana kutwa, kwa wingi wa watu. Wageni rasmi waliotoka Kololo kuelekea uwanja wa ndege walilazimika kupita katikati ya umati uleule. Aliyekuwa amepata asilimia 26 miezi mitatu nyuma alikuwa na umati ambao mshindi wa asilimia 68 hakuwa nao.

Huo ndio umati uliompoteza, nadhani. Tangu hapo aliamini zaidi barabara kuliko sanduku la kura. Mwaka 2012 akaachia uongozi wa chama kabla ya muda wake, Meja Jenerali Mugisha Muntu akachaguliwa. Muntu alikuwa mkuu wa zamani wa jeshi, mpole, anayeamini ofisi za chama wilayani na orodha za mawakala. Besigye aliamini kuwa huwezi kuijenga ofisi wilayani chini ya serikali inayomjua kila anayeingia mlangoni. Wote wawili walikuwa na hoja. Besigye alisema hatagombea tena bila mageuzi ya sheria za uchaguzi. Mageuzi hayakuja, na mwaka 2015 akamshinda Muntu katika kura za ndani, akagombea mara ya nne.

Katika kampeni hiyo udaktari wake ulijitokeza kuliko katika zote zilizotangulia. Novemba 2015, akiwa Karamoja, aliingia Hospitali ya Abim na waandishi wa habari nyuma yake. Akakagua wodi kama daktari wa zamu, kitanda baada ya kitanda, kwenye majengo yaliyochakaa. Wanasiasa wengi huahidi hospitali. Huyu alijua dawa gani haipo na mgonjwa aliyelala pale atakuwaje bila hiyo dawa. Picha zikaenea, wakubwa wakaja juu, wakasema hospitali si mahali pa kampeni, na wapinzani wakaanza kuzuiwa kuziingia. Vijijini watu nao wakaanza kumletea vitu jukwaani: noti zilizokunjwa, kuku, mbuzi. Kwa nchi ambako mgombea ndiye huwapa watu, hilo lilikuwa geni kabisa.

Siku ya kura, Februari 18, 2016, masanduku yalichelewa kwa saa kadhaa Kampala na Wakiso, ngome zake. Facebook na WhatsApp zikazimwa. Yeye akakamatwa mara kadhaa ndani ya wiki hiyo, kisha akafungiwa nyumbani. Tume ikampa asilimia 35, Museveni 60. Sheria ilimpa siku kumi za kupinga matokeo, na zote zikapita polisi wakiwa wameizingira nyumba yake. Tarehe 11 Mei video ikasambaa, Besigye akila kiapo cha urais. Akasafirishwa hadi Moroto, akashtakiwa kwa uhaini. Mahakama, risasi, miguu, kiapo: ukiondoa risasi, alikuwa amejaribu yote.

Mwaka 2021 hakugombea. Akasimama Robert Kyagulanyi, Bobi Wine, mwanamuziki wa Kamwokya aliyekuwa hajafikisha miaka mitano Museveni alipoingia Ikulu. Aliifagia Buganda, mkoa ambao Museveni aliushinda kila alipopambana na Besigye. Magharibi na kaskazini hakufua dafu. Kura zilipojumlishwa alipata asilimia 35 hivi. Mgombea mwingine, kizazi kingine, ramani iliyogeuka juu chini, na jumla ni ileile ya Besigye wa 2016. Wapo wanaosema hicho ndicho kipimo halisi cha upinzani Uganda. Wapo wanaosema ndicho kiwango ambacho hesabu inaruhusiwa kufika. Mimi naona ni vigumu kuamini kuwa mamilioni ya watu, wakipangwa upya kwa mikoa na kwa umri, watue kwenye tarakimu ileile kwa bahati.

Tarehe 16 Novemba 2024 Besigye alitekwa Nairobi, alikokwenda kwa uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua. Siku nne baadaye alitokea katika mahakama ya kijeshi ya Makindye, Kampala, raia aliyestaafu jeshi miaka zaidi ya ishirini nyuma. Karua, mwanasheria, akavuka mpaka kwenda kumtetea. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu, ileile iliyomkatalia 2001 na 2006, ikaamua kuwa mahakama za kijeshi haziwezi kumhukumu raia. Uamuzi huo ulitoka kwenye kesi ya mtu mwingine, Michael Kabaziguruka, aliyekuwa mbunge wa chama chake, na ulikuwa umesubiriwa kwa miaka. Besigye hakuachiwa. Alianza kugoma kula, na Februari faili likahamishiwa mahakama ya kiraia ya Nakawa. Humo akasomewa uhaini, mara ya tatu tangu aanze kugombea.